Nipe Alhamisi Tatu

Alhamisi, 6 Machi

Mheshimiwa Daktari wa Mifupa,

Shikamoo. Barua hii naitumbukiza kwenye sanduku la maoni pale mlangoni, nikiomba mwenye ufunguo asiwe amesafiri. Mimi ni mama wa yule mtoto wa kike mnene wa miezi minne, aliyezaliwa na mguu wa kulia umepinda kwa ndani. Nyumbani tunamwita Bonge. Siku ya kwanza ulimfinya shavu ukacheka. Labda hukumbuki, maana Alhamisi watoto ni arobaini na kitu.

Naandika kwa sababu mezani kwako sipati nafasi ya kusema. Nikifungua tu mdomo, muuguzi ameshaita namba nyingine.

Leo Bonge amefungwa plasta ya saba, ile ngumu ya kuunyoosha mguu inayobadilishwa kila wiki. Wenzake tulioanza nao siku moja wamemaliza kwa tano, wengine sita. Muuguzi mkuu ameushika mguu, akaguna, akasema foleni nzima ikisikia, "Mama, mguu huu unagoma kwa sababu huko nyumbani unachezea plasta." Kisha akamwandika mwanangu kwenye orodha ya upasuaji mkubwa, tarehe 10 Aprili. Nimeelezwa kwamba viungo vya mguu vitafunguliwa vipangwe upya, na kwamba mguu uliopasuliwa hivyo unaweza kukakamaa na kuuma ukubwani.

Daktari, sichezei. Kadi yenu imeandikwa: "Loweka plasta na uivue nyumbani siku moja kabla ya kliniki." Kila Jumatano alasiri namkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, naimba mpaka koo linakauka, naibandua plasta safu kwa safu. Mguu unatoka umenyooka, unapendeza, mpaka naubusu. Alhamisi asubuhi nikimfunua, umerudi ndani. Si wote. Kidogo, kama mtu aliyeitwa akageuza shingo.

Naomba kuuliza kwa adabu: hayo masaa ya bila plasta, si ndiyo yanayourudisha mguu?

Mimi niliishia darasa la saba, sina elimu ya hospitali. Ila mguu huu naoga nao na nalala nao. Nipe Alhamisi tatu za kuja na plasta ikiwa bado mguuni. Zikipita bila faida, sitasema neno tena, mpasueni.

Ni mimi,
Mama Bonge


Jumanne, 11 Machi

Kwa Mama Bonge,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na hili ni jibu nililoagiza liwekwe ndani ya faili la mtoto ili ulikute Alhamisi.

Utaratibu wa kuvua plasta nyumbani uliandaliwa na wataalamu. Kabla yake tulihudumia watoto kumi na wanane kwa siku. Sasa ni arobaini na mmoja. Kliniki ina bomba moja tu la maji, nami nina muda wa saa tatu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Kila mzazi akitaka plasta ivuliwe hapa, zaidi ya watoto ishirini watarudishwa makwao bila kuonwa. Sidhani kama ungependa hivyo.

Nakuomba uhakikishe plasta hailowi katikati ya wiki, huilegezi mtoto anapolia, na humpaki chochote. Wazazi wengi hufanya hivyo kwa huruma, na huruma hiyo huwagharimu watoto. Upasuaji si adhabu.

Mwezi huu wakaguzi wa tuzo ya jiji wanatembelea kliniki. Tusaidiane foleni iende kwa utulivu.

Daktari Bingwa wa Mifupa ya Watoto


Ijumaa, 14 Machi

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo tena. Jibu lako nimelisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, baba Bonge akisikiliza huku anapiga misumari.

Kuna kitu nilikuficha kwenye barua ya kwanza. Baba Bonge ni fundi viatu. Mteja akija, anamkanyagisha kwenye karatasi, anasimamisha penseli wima, anauzunguka mguu wote. Ndivyo anavyopata kipimo. Mwezi uliopita nilipoanza kulalamika kwamba mguu unarudi, alinijibu, "Usiniambie unarudi. Nichoree." Basi nikawa nachora. Jumatano plasta ikitoka tu, nauweka mguu wa Bonge juu ya karatasi, nauzungushia penseli, napiga mstari kutoka katikati ya kisigino hadi kidole cha katikati. Alhamisi kabla ya kutoka nyumbani, nachora tena.

Zimo humu, karatasi sita. Jumatano tatu, Alhamisi tatu. Nilizificha kwa aibu, maana ni vipande vya maboksi ya viatu, na moja ina doa la gundi. Naomba uchukue ya Jumatano na ya Alhamisi yake, uzipandanishe kisigino kwa kisigino, uzishike dirishani. Mistari haikutani. Imeachana kwa upana wa kidole changu kidogo. Kila wiki nyinyi mnausogeza mguu mbele, na kila Jumatano mimi, kwa mikono yangu hii na kadi yenu, naurudisha.

Kwa hiyo Daktari, nakutaarifu mapema usije ukasema nimekuvizia. Alhamisi ijayo plasta sivui. Nitakuja nayo mguuni, na beseni langu, na chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto. Bomba lenu sitaligusa. Nitakaa chini ukumbini, pembeni, nimloweke hapohapo, nivue, nikupe mguu ukiwa bado haujasahau.

Mama mkwe ameniambia, "Ukifukuzwa huko, mimi nitasema sikujui." Nimemwambia sawa, ila anipe ile chupa yake ya chai, ndiyo isiyopoza.

Nakuheshimu sana. Lakini nakuja.

Mama Bonge


Jumamosi, 22 Machi

Mama Bonge,

Juzi nilitoka chumbani kutafuta kelele zinatoka wapi, nikakukuta umekaa sakafuni, mtoto ndani ya beseni, maji yametapakaa mpaka kwenye viatu vya muuguzi mkuu, naye amekusimamia na fagio la kudekia mkononi. Nilikuambia neno moja tu, "Endelea," nikarudi ndani. Pengine ulidhani nimekasirika. Karatasi zako zilikuwa mfukoni mwa koti langu tangu Jumatatu. Nilikwisha kuzishika dirishani mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Ulipomleta Bonge mezani, mguu ulikuwa laini kama unga uliokandwa vizuri. Niliusogeza kwa mara moja zaidi ya nilivyousogeza kwa wiki tatu zilizopita.

Jana nilijifungia na karani wa masjala, tukatoa mafaili yote arobaini na moja. Watoto kumi na sita wamefungwa plasta nyingi kuliko inavyotakiwa. Wawili wameshapasuliwa. Sijui kama walihitaji. Hilo sitalijua mpaka naingia kaburini, na kila nikifumba macho naiona miguu yao.

Nilikuandikia kwamba utaratibu uliandaliwa na wataalamu. Walikuwa mmoja. Ni mimi. Kadi ile niliiandika miaka mitatu iliyopita ndani ya gari, nikiwa nimechelewa kikao. Chuoni nilifundishwa kwamba plasta ya zamani itoke dakika ile ile kabla ya mpya kuingia. Nilijua. Nikaibadilisha kwa ajili ya bomba moja na saa tatu zangu, nikajisifu kwamba nimewahudumia wengi. Nawe nikakuambia huruma yako ndiyo inayomgharimu mtoto.

Nisamehe. Barua hii nimeiandika kwa mkono ili muuguzi asiichape.

Jina la Bonge sijalifuta kwenye tarehe 10 Aprili, nisikudanganye. Lakini Alhamisi ulizoniomba ni tatu, na tumetumia moja. Zimebaki tarehe 27 na tarehe 3. Njoo na beseni lako.

Daktari


Alhamisi, 27 Machi, alasiri

Mheshimiwa Daktari,

Barua yako ilibidi niiweke chini kidogo. Nitasema ukweli, nilikasirika. Nilimwazia Bonge akipasuliwa bure, kisha nikawawazia wale wawili na mama zao, ambao nao walirudi nyumbani wakiambiwa ni wazembe. Baba Bonge akaniuliza, "Sasa unataka afanyeje, ajifiche?" Nikasema hapana, nataka asimame. Hapo hasira ikapungua, maana niliona umeshaanza kusimama.

Nimekusamehe. Wale wawili, nenda kawaambie mwenyewe. Usitume karatasi.

Leo umeona ilivyokuwa. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu, leo tumekuja na mabeseni kumi na moja! Sikuwaita mimi, midomo ya foleni ndiyo iliyowaita. Bibi mmoja alikuja na beseni lake la kufulia, tukawatia humo watoto watatu kwa mpigo, miguu ikachanganyika mpaka tukawa tunaulizana, "Huu wa nani?" "Huo wangu, rudisha!" Hata muuguzi mkuu alicheka, akageukia ukutani tusimwone. Baadaye aliniletea birika la maji ya moto, akaliweka chini karibu yangu, akarudi kazini. Nimelipokea kama salamu.

Mwenzangu mmoja akanong'ona, "Leo Daktari Saa hajaitazama saa yake hata mara moja." Lo! Limenitoka. Samahani Daktari, hilo ndilo jina lako huku kwetu foleni. Si baya. Ni kwa sababu ya ule mkono wako.

Sasa tatizo. Tulipokuwa tunakausha sakafu, amekuja bwana wa utawala, suruali ameikunja mpaka magotini, akabandika tangazo: "Mabeseni ni marufuku ndani ya jengo. Mtu anaweza kuteleza." Kweli mtu anaweza kuteleza, sibishi. Lakini Alhamisi yangu ya tatu ni wiki ijayo, na baada yake ni kisu. Nikizuiwa mlangoni nitamloweka barazani. Nikifukuzwa barazani nitamloweka barabarani. Ila wale kumi wengine wana haya, watarudi kuvua nyumbani.

Wewe ni mkubwa mule ndani. Sema kitu.

Mama Bonge


Jumatano, 2 Aprili

Mama Bonge,

Nakutumia barua hii kwa mkono wa mhudumu wa afya wa mtaa wako ili uipate leo kabla giza halijaingia.

Nimekwenda kwa wale wawili. Mama mmoja alinikaribisha ndani. Mwingine alinisikiliza mlangoni, akafunga. Nitarudi.

Jana alasiri ilikuwa siku ya tuzo. Labda hujui, sisi wanawake kadhaa wenye kazi kubwa kubwa jijini hukutana Jumanne ya kwanza ya kila mwezi na kuulizana jiji limepata nini kutoka kwetu mbali na vyeo vyetu. Sisi ndio tunaoitoa ile tuzo ya jiji niliyokutajia, na mwaka huu walitaka kunipa mimi, kwa watoto arobaini na mmoja kila Alhamisi. Walikuwa wametundika ubao wenye picha za kliniki. Nilipoitwa kusema, nilizibandika karatasi zako sita juu ya picha hizo, nikaeleza kila kitu, pamoja na yale ya kwenye gari.

Wakili, rafiki yangu tangu shule, akasema, "Dada, hapa umejishtaki bila kuitwa."

"Basi nitetee."

"Nitakutetea vipi na ushahidi umeubandika mwenyewe, tena una gundi?"

Wakacheka wachache. Lakini Mhandisi Mkuu wa Maji wa jiji alikuwa ameshanyanyuka, anazitazama karatasi kwa karibu, miwani juu ya kichwa. Akaniuliza, "Hilo bomba lenu liko mbali kiasi gani na ukumbi?"

"Hatua tisa."

"Hatua za nani? Zako ni ndefu. Na maji machafu yanaelekea wapi?"

Sikuwa najua. Miaka kumi na miwili nimo mle, sikujua maji yanaelekea wapi! Akatoa kalamu, akachora nyuma ya ratiba ya sherehe. Sinki nane za chini, za kukalia, zenye ukingo wa kuweka kiwiko, na mfereji sakafuni. Zitachukua wiki tano. Kwa kesho analeta tangi lenye mabomba manne, litakuwa barazani saa kumi na mbili asubuhi. Wakili alikuwa akinung'unika kwamba hakuna kanuni yoyote ya hospitali inayokataza beseni barazani, na kwamba bwana wa utawala akitaka kubishana ampigie yeye.

Tuzo hawakunipa. Walifanya vizuri.

Upasuaji wangu wa Alhamisi nimeuhamishia Ijumaa. Kuanzia kesho kliniki ni ya siku nzima.

Nina ombi. Sinki zikija, atahitajika mtu wa kuusimamia ule ukumbi, awafundishe wazazi kulowesha na kuvua, na amchoree kila mtoto mguu wake kama ulivyofanya wewe. Ni kazi ya ajira, yenye barua ya kuajiriwa. Naomba iwe wewe. Usidhani nakuhurumia. Wote tuliokuwa mle tulikuwa na shahada, na hakuna aliyepima.

Kesho ni Alhamisi yako ya tatu.

Daktari Saa
(saa yenyewe nitaiacha nyumbani)


Jumapili, 6 Aprili

Daktari wangu,

Tangu Alhamisi sijatulia. Ulipoushika mguu, ukaupeleka huku, ukaupeleka kule, mimi nilikuwa natazama kidevu chako maana machoni niliogopa. Kisha ukamwambia muuguzi mkuu, "Lete ile orodha." Akakuletea. Ukakata jina la Bonge kwa mstari mmoja, ukasema kilichobaki ni kitobo kidogo nyuma ya kisigino kulegeza mshipa, plasta moja ya mwisho, halafu viatu vyake vya chuma, vile vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma ili mguu usirudi ndani. Nilitaka kusema asante, nikatoa mlio kama wa bata. Muuguzi mkuu ndiye aliyenishika mkono. Akaniambia, "Mama, yale niliyosema siku ile..." Nikamwambia aache, birika limeshasema.

Viatu vya kwenye kile chuma, baba Bonge anaomba ashone yeye. Anasema alivyoviona pale kwenye kabati lenu vitamchubua mtoto, na kwamba aliyevishona hajawahi kuwa na mtoto.

Kuhusu kazi. Siku mbili nimekuwa natafuta namna ya kukataa. Barua naweza kuandika, lakini fomu zenye vyumba vyumba zinanitisha, na sijui kusema na watu walioshiba shule. Mama mkwe akasikia, akasema, "Ulimshinda bwana wa utawala kwa beseni, unaogopa fomu?" Aliyesema angenikana, ndiye huyo!

Nitaifanya. Lakini nina masharti, usicheke. Kwanza, kadi ile ichapwe upya, na maneno tuyaandike mimi na wewe pamoja, kwa Kiswahili cha mtu anayebembeleza mtoto. Pili, mzazi asisemwe mbele ya foleni, hata akikosea kweli. Aitwe pembeni. Tatu, ukutani kuwe na dirisha zuri la kupandanishia karatasi.

Mama Bonge


Alhamisi, 21 Mei, mwaka uliofuata

Daktari wangu,

Shikamoo huko uliko. Umetuacha wiki ya tatu sasa kwenda kuzifundisha hospitali nyingine, na huku wanauliza kama huko nako wanakuita Daktari Saa. Nimewajibu kwamba utakuwa umewaambia mwenyewe.

Leo tumehudumia thelathini na wanne. Sinki zote nane zinafanya kazi. Ya tatu ilikuwa inavuja, Mhandisi alipita mwenyewe na buti zake, akaikaza, akaondoka amelowa. Tangu mwaka jana hakuna mtoto aliyepelekwa kwenye upasuaji mkubwa kutoka ukumbi wangu. Fomu nazijaza. Vyumba vyumba vyake si vya kutisha, ni vidogo tu, vinataka mtu aandike kwa ufupi, na unajua hilo ndilo linalonishinda. Yule mama aliyekufungia mlango alimleta mwanawe Jumatatu kufanyishwa mazoezi ya mguu. Aliuliza unarudi lini. Sikumjibu kwa niaba yako, nimemwambia akuulize mwenyewe.

Sasa fungua karatasi iliyokunjwa. Taratibu, rangi imekauka lakini inachafua.

Si kama zile sita. Hii sikuichora mimi. Juzi baba Bonge aliweka chini sinia la rangi nyeusi ya viatu, akageuka kutafuta brashi. Huyo mtoto ambaye kwa wiki mbili alikuwa anasimama akishikilia kiti na kukataa kukiachia, akakiachia. Akakanyaga ndani ya sinia, akatoka, akapita juu ya karatasi ya vipimo kumfuata baba yake. Baba yake alifungua mdomo afoke, akaiona karatasi, akakaa chini palepale kwenye misumari.

Mguu wa kulia ni ule wenye doa pembeni. Tazama kisigino. Kimegusa chote. Nimepiga mstari kutoka katikati yake hadi kidole cha katikati kwa mazoea tu, haukuwa na haja.

Hatua ni nne. Ya tano na ya sita ziko kwenye shuka jeupe la mama mkwe, hizo amekataa nizikate. Anasema ukizitaka, uje uzione.

Mama Bonge,
Msimamizi wa Ukumbi wa Mabeseni